Kochi la Bure

Bi Nimwaka alishuka kwenye tuktuk mbele ya nyumba yake mwenyewe, akatazama, kisha akamwambia dereva, "Mwanangu, hapa umenileta kwa watu."

"Bibi, si ulisema Msambweni, nyumba ya mawe nyuma ya msikiti?"

"Nilisema. Lakini mlango wangu mimi si wa buluu."

Dereva alicheka, akamteremshia kikapu chake, akaenda zake. Bi Nimwaka akabaki amesimama juani. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta, maana alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akakaa Ukunda kwa binti yake Hanifa akiuguzwa. Kwa lile jicho lililobaki alikodoa kweli kweli. Kuta zilikuwa zake. Ufa ulio juu ya dirisha ulikuwa wake. Lakini mlango ule wa mvule, uliochongwa maua na baba mkwe wake kwa mkono wake, mlango uliokuwa mweusi tangu yeye aletwe hapa akiwa bibi harusi, ulikuwa umepakwa rangi ya buluu kama kibanda cha kuuzia soda.

"Yarabi toba," akasema. Akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Aliyefungua alikuwa mjukuu wake Husna, binti wa Hanifa, aliyelelewa humo tangu aachishwe ziwa. Mikono yake ilijaa chokaa hadi viwikoni.

"Bibi! Mbona leo? Mama si alisema utarudi Jumapili?"

"Wageni waje leo, mimi nikae Ukunda nitazame magari yakipita? Na salamu imekwenda wapi? Au nayo umeipaka rangi?"

"Shikamoo bibi, nisamehe. Nimekuwa kama kichaa."

"Marahaba. Hilo la kichaa naliona mlangoni."

Hapo Husna akamshika mkono, akamwingiza ndani taratibu kama mtu anayemwingiza mgonjwa majini.

Wageni wenyewe walikuwa wazito. Husna alikuwa ameposwa na kijana Feisal, mtu wa Vanga, anayefanya kazi ya maabara hapo Msambweni. Wanaume wa pande zote mbili walikwisha kuzungumza wakaelewana. Lililobaki ni neno la wanawake, na neno la wanawake wa kwao Feisal lilikuwa kwenye kinywa kimoja tu, cha shangazi yake Bi Mejumaa, aliyemlea. Mama huyo alikwisha kuvunja posa moja ya ukoo wao kwa sababu aliingia jikoni kwa kina binti akakuta birika lina ukungu. Aliinuka bila kusema neno, akavaa viatu.

Na safari hii alikuwa na la kukagua zaidi ya birika. Husna alimwambia Feisal mapema kwamba hatamwacha bibi yake peke yake. Akitaka kumwoa, ahamie yeye kwenye hii nyumba ya mawe. Feisal alikubali. Kwa hiyo wanawake walikuwa wanakuja kuona mtoto wao anahamia wapi. Wakiipenda nyumba, harusi ipo. Wakiikataa, Husna atachagua mmoja, mume au bibi. Bi Nimwaka alimjua mjukuu wake, alijua atamchagua nani, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Ukunda zaidi ya jicho. Hakutaka kuwa yeye ndiye kizuizi.

Sasa nyumba yenyewe, haya, nani angeipenda? Ilikuwa na umri mkubwa kuliko barabara ya lami. Chokaa ilipukutika kama unga wa muhogo, na dari ilikuwa ya popo. Pesa za kuita fundi zilikuwa zimekwenda kwenye jicho. Ndiyo maana Husna aliamua kuitengeneza kwa vitu vya bure, na katika hilo akapata mshirika.

"Shosho!" mshirika akatokea ukumbini, mkasi mkononi. Alikuwa Rispah, jirani mpangaji kutoka bara, msafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. "Karibu nyumbani! Si umeona vile keja imeiva?"

"Imeiva? Nyumba ni ndizi, Rispah?"

"Shosho, wewe ingia tu. Vile wazungu wanalipia huko kwetu hotelini, sisi tumefanya ya bure. Mimi nina video zote kwa simu."

Bi Nimwaka akaingia, na kila alipogeuza shingo alipata la kumshtua. Ukuta wa ukumbi ulikuwa umepigwa chokaa nyeupe pe, na chini yake, kimo cha kiuno, umesiribwa udongo mwekundu wa Mkongani uliochanganywa na gundi. Hilo lilimtuliza kidogo, kwa kuwa lilikuwa zuri, hata yeye hakuweza kulikana. Kisha akaona dirisha.

"Ile si kanga yangu?"

"Ilikuwa imechakaa, bibi. Nimeikata mapazia."

"Nimevaa kanga ile siku mama yako anazaliwa."

"Basi sasa kila mtu ataiona."

Bi Nimwaka akaendelea mbele. Kwenye vidaka vya ukutani, vile vishimo vya zamani vya kuwekea taa na msahafu, mlikuwa na vipande vya vioo vilivyovunjika, vimepangwa kama magamba ya samaki. Taa za umeme zilikuwa zimevalishwa vifuu vya nazi vilivyotobolewa matundu, mwanga ukatapakaa ukutani kama ukurutu. Gurudumu kuukuu la gari lilikuwa limezungushiwa kamba ya usumba, likageuka kigoda. Halafu akaona ungo wake umetundikwa ukutani, na kando ya ungo, lo, mbuzi yake ya kukunia nazi, imening'inia kichwa chini kama maiti ya kuku.

"Na nazi ya wali wa wageni mmekuna na nini?"

Husna na Rispah wakatazamana.

"Tumenunua ya pakiti," Rispah akasema kwa sauti ndogo.

Bi Nimwaka alikaa kwenye lile gurudumu. "Ya pakiti," alirudia. "Bi Mejumaa wa Vanga anakuja kula wali wa nazi ya pakiti, na mbuzi imo ndani ya nyumba, imepanda ukutani inatutazama."

Hakupata nafasi ya kumaliza uchungu wake. Nje gari lilisimama na sauti ikaita, "Hodi, hodi, wenyewe!" Husna akapiga ukelele mdogo, akakimbilia kunawa mikono. Rispah akaenda kupokea. Bi Nimwaka naye akaingia chumbani kubadili nguo, akajitia udi, akajifunga mtandio vizuri kulificha lile jicho la plasta. Alipotoka, wageni walikuwa wamekwisha kukaribishwa sebuleni, chumba pekee alichokuwa hajakiona.

Waliokuja walikuwa wawili. Mmoja ni Warda, mama yake Feisal, mwembamba, mwenye haya, anayemtazama mwenzake kabla ya kusema lolote. Mwenzake ndiye Bi Mejumaa. Alikuwa pande la mama, buibui lake limenyooshwa kwa pasi, na macho yake hayakuwa na haraka. Walikuwa wamekalishwa kwenye kochi refu la mbao lenye mito ya maua, na mbele yao sinia la halwa na kahawa.

"Asalaam aleikum, wageni wetu."

"Waaleikum salaam, dada yangu. Pole na jicho."

"Limekwisha kupoa, alhamdulillahi. Hanifa anawasalimu sana, kazi imemshika. Za Vanga?"

"Za Vanga njema, barabara tu ndiyo imetupiga kama maziwa ya mgando."

Wakacheka, na Bi Nimwaka akashukuru Mungu kwa kicheko hicho. Akaketi kwenye kiti kilichowaelekea. Akalitazama kochi kwa lile jicho lake moja. Kochi zuri, alijisemea. Limepata wapi vanishi ya kung'aa hivi? Limepata wapi ubao mpana hivi wa kuegemea, wenye ua lililochongwa, na ule ukingo wa ua umemeguka kidogo upande wa kush...

Akasogeza uso mbele alitazame vizuri.

Ua lile alilijua. Mmeguko ule aliujua kwa kidole gumba, kwa sababu ndipo gumba lake lilipokaa kila aliposhika ubao ule kumgeuza mtu upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Lile halikuwa kochi. Lilikuwa kitanda cha kuoshea maiti.

Mama mkwe wake ndiye aliyekiweka wakfu kwa ajili ya wanawake wa mtaa. Cha wanaume kilikaa msikitini, cha wanawake kikakaa katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, kimefunikwa mikeka. Akifa mwanamke, vijana hukitoa kikiwa kimefunikwa nguo na kukirudisha kimefunikwa nguo. Msichana asiyeolewa haingii anapooshwa maiti, hiyo ndiyo desturi ya kule, wala kitanda hicho hakitajwi mbele yake. Husna alikua katika nyumba hiyo akijua tu kwamba chumba cha nyuma kina vyombo vya watu, visichezewe.

Na sasa Warda alikuwa amekalia mahali pa kichwa, anakula halwa.

Bi Nimwaka aliomba ruhusa, akaenda jikoni akijishika ukutani. Alimkuta Husna akipakua wali, na Rispah akipangusa sahani.

"Husna. Kile kiti cha sebuleni umekitoa wapi?"

"Umekipenda, bibi?" Uso wa mtoto uling'aa. "Kilikuwa chumba cha nyuma chini ya mikeka, kimejaa vumbi. Tulikisugua siku nzima. Mito tumeijaza godoro la zamani."

"Ile ilikuwa kitanda tu imetupwa, Shosho," Rispah akasema kwa fahari. "Tena fundi mwenye aliitengeneza alikuwa mlevi. Miguu haitoshani! Huku mbili ndefu, huku mbili fupi, mtu akikaa anateleza kama ako kwa bembea. Nikachukua msumeno, nikazikata zote zikawa sawa."

Miguu ya kichwani ilikuwa mirefu kusudi. Kitanda kile kiliinama kusudi, maji yateremke kutoka kichwani yaende miguuni, yashukie shimoni. Hakuna aliyekuwa mlevi. Baba mkwe wake, aliyekichonga, hakuonja pombe maisha yake yote.

"Umekata," Bi Nimwaka alisema. "Umekata miguu ya wakfu."

"Ya nani?"

Akawaambia. Aliwaambia kwa mnong'ono, na kila neno lilipotoka aliona rangi ikiwatoka wao. Upawa ulimponyoka Husna. Rispah alijishika mdomo kwa mikono miwili, kisha akaitazama mikono hiyo, kisha akaitoa mdomoni upesi na kuipangusa kwenye leso.

"Woi! Shosho, mimi nimelala hapo juu! Jana mchana, nikijaribu mito!"

"Punguza sauti."

"Bibi, hukuniambia hata siku moja!" Machozi yalikuwa yamemjaa Husna.

"Ungeambiwaje, nawe hujaolewa?"

"Na sasa sitaolewa kabisa!"

"Nyamaza. Hawajui. Wala hawatajua. Tuwatoe tu hapo, wale, waende kwao salama, mengine baadaye."

Lakini kumtoa Bi Mejumaa alipokaa ilikuwa kazi. Bi Nimwaka alirudi sebuleni, akasema kwa uchangamfu, "Jamani, twendeni barazani, kuna upepo."

"Upepo tumeula njiani, dada. Hapa pananifaa."

"Basi tukae mkekani tule kwa raha, kama wenyewe."

"Magoti yangu hayakubali mikeka siku hizi." Bi Mejumaa alijiegemeza vizuri zaidi. Mkono wake mnene ulikuwa unapapasa mbao chini ya mto, polepole, ukipita kwenye zile nafasi zilizoachwa kati ya ubao na ubao. "Kochi hili limenipenda. Nimekaa kama niko kwangu. Mvule huu, si ndio?"

"Mvule," Bi Nimwaka akasema.

"Wa zamani. Siku hizi haupatikani. Mmenunua wapi?"

Husna alikuwa anaingia na sinia la wali. Alisimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari. "Hatukununua, shangazi," akasema. "Kilikuwamo nyumbani. Tumekitengeneza sisi wenyewe."

"Aa," akasema Bi Mejumaa. Alimtazama mtoto, akamtazama bibi, akachukua kipande cha halwa.

Warda alisema kwa upole kwamba na yeye angependa kochi kama hili, si wangemwonyesha fundi? Rispah, aliyekuwa ameleta maji ya kunawa, alikohoa hadi maji yakamwagika.

Walianza kula. Bi Nimwaka hakuona ladha ya wali, ya pakiti wala ya mbuzi. Alikuwa anajisemesha moyoni. Akisema sasa, posa imekufa hapo hapo, na habari itafika Vanga kabla ya wao kufika. Wageni wa harusi wakakalishwa kwenye kitanda cha maiti! Itaimbwa ngomani. Asiposema, atakuwa amewalisha watu wazima juu ya kitu ambacho wangekijua wasingekigusa. Lakini watakwenda zao. Watakwenda bila kujua, na mtoto ataolewa. Aliamua kunyamaza. Lilibaki tonge la mwisho tu, na kahawa.

Ndipo hodi ikapigwa mlango wa ukumbini.

Alikuwa Kadzo, jirani wa nyumba ya tatu, kanga ya kichwa imemwangukia mabegani. "Bi Nimwaka, umerudi, alhamdulillahi, nilikuwa sijui nitamwambia nani." Akashusha sauti. "Mwanamkasi ametutoka. Sasa hivi, baada ya kunywa uji. Vijana wako nje, wanangoja kile kitanda."

Bi Nimwaka alishika kizingiti. Mwanamkasi! Mkubwa wake kidogo, muuza vitumbua, mwanamke aliyeanza naye kuosha maiti wakiwa wote wake wachanga, wakitetemeka. Kitanda kile walikisugua pamoja baada ya kila msiba, yeye upande huu, Mwanamkasi upande ule, na Mwanamkasi alizoea kusema, "Kisugue vizuri wewe, mimi ndiye nitakayelala hapo kwanza." Walicheka, ilhali hapakuwa pa kuchekea.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi, pazia lake ni kanga tu. Neno la Kadzo lilikuwa limewafikia wageni.

Kulikuwa na njia. Angesema, nendeni mkaazime cha kijiji cha Milalani, chetu kibovu. Ingewachukua muda, gari litafutwe, waulizane, na maiti alale akingoja. Alifungua kinywa kulisema. Alilisema hadi katikati, "Nendeni Mila..." kisha akaona mbele ya lile jicho lake moja mikono ya Mwanamkasi, myeusi ya mafuta ya vitumbua, inasugua ubao.

"Ngojeni hapo nje," alisema.

Alirudi sebuleni akasimama katikati ya chumba, hakukaa.

"Wageni wangu, naomba radhi ambayo sijui kama inaombeka. Hapo mlipokaa si kochi. Ni kitanda cha kuoshea maiti cha wanawake wa mtaa huu, wakfu wa mama mkwe wangu. Mtoto hakujua, kwa kuwa wasioolewa hawakioni. Mimi sikuwepo. Lakini nilikijua tangu nilipoingia hapa, na nimewaacha mkae, kwa tamaa ya harusi. Sasa amekufa mwenzangu na kinatakiwa. Kosa ni langu, si la Husna."

Warda aliruka. Hakika aliruka, mtu yule mwenye haya, sahani ikaenda upande wake na halwa upande wake. "Astaghfirullahi! Nimekula juu yake! Wifi, inuka! Inuka!" Alikuwa anajikung'uta buibui kama mtu aliyekalia siafu.

Wifi yake hakuinuka.

Bi Mejumaa alimaliza kutafuna. Akanywa maji. Akajifuta mdomo kwa kitambaa.

"Warda, kaa chini, unanitia kizunguzungu. Nilijua tangu niliposhusha makalio."

Warda alibaki mguu mmoja juu.

"Unafikiri mimi Vanga nafanya kazi gani? Naosha. Nimekwisha kuinama juu ya vitanda hivi hadi mgongo ukakataa kunyooka. Nikakaa hapo, mkono ukateremka chini ya mto, ukakuta mbao zimeachana, nikasema moyoni, Mejumaa, hapa umekalishwa kazini. Lililonishangaza ni moja tu. Mbona hakiinami?"

"Nilikata miguu," Rispah akasema kutoka mlangoni, akaanza kulia kwa sauti.

"Wewe ndiye? Basi una mkono, maana umekata sawa kabisa." Akamgeukia Bi Nimwaka. "Nilikuwa nangoja, dada. Nilimwona mtoto hajui, alipotuletea halwa uso wake ulikuwa safi. Lakini wewe ulitoka hapa ukiwa na damu usoni, ukarudi huna. Nikasema, huyu anajua. Nione kama atasema, au nitaondoka na uongo tumboni pamoja na wali. Ulipoanza kutaja Milalani pale mlangoni, nilikwisha kutafuta viatu vyangu kwa macho."

Bi Nimwaka alikuwa amefika mahali ambapo mshtuko ukizidi haumtikisi mtu tena, unamtuliza tu.

"Haya," Bi Mejumaa akasema, akainuka na mbao zikalia. "Maiti hangoji posa. Hivyo vipande vilivyokatwa viko wapi? Msiniambie mmepikia."

Rispah alikimbia. Akarudi navyo vinne mikononi, viwili virefu na viwili vifupi, vimesuguliwa na kupakwa vanishi. Alikuwa amevifanya vya kuwekea vyungu vya maua.

"Kamba?"

Husna alilifikia lile gurudumu, akaanza kuifumua kamba ya usumba, raundi kwa raundi. Mito ikatupwa pembeni. Walikipindua kitanda, wakavirudisha vipande kila kimoja chini ya mguu wake, wakavifunga kwa kamba, Bi Mejumaa akikaza kwa meno na magoti yake yale yasiyokubali mikeka. Warda naye alikuja, kwanza akishika kwa ncha za vidole, kisha kwa mkono mzima. Walipokisimamisha, kiliinama tena kama alivyokiinamisha baba mkwe alipokichonga.

"Hakitoki uchi," Bi Nimwaka akasema. "Nguo."

Husna akatazama huku na huku, kisha akapanda kwenye kiti, akayashusha mapazia. Vipande vya ile kanga ya siku aliyozaliwa mama yake vikatandazwa juu ya kitanda, na vijana wakaitwa, wakakibeba wakapita nacho kwenye ukumbi mweupe na mwekundu, chini ya taa za vifuu, chini ya mbuzi ya nazi.

Bi Nimwaka alichukua ndoo. Bi Mejumaa akaipokonya.

"Na jicho hilo? Daktari hakukwambia usiiname, usiguse maji?"

"Aliniambia. Lakini ni Mwanamkasi."

"Basi ukae kichwani pake umsomee, na uniambie aliyapenda maji ya moto au ya vuguvugu. Mimi nitainama. Warda atanimiminia."

"Mimi?" Warda akasema.

"Wewe."

Husna alikuwa amebeba karafuu maiti na ubani kutoka kabati la bibi yake, akawafuata hadi mlangoni. Bi Mejumaa akageuka, akamsimamisha kwa kiganja.

"Wewe leo hutaingia. Desturi ni desturi. Utaingia ukiwa mke wa mwanetu, na siku hiyo nitakuja mwenyewe kutoka Vanga nikufundishe, kwa sababu bibi yako hataendelea kuinama milele, na kitanda hiki kitakaa nyumba hii hii, na wewe ndani yake. Umesikia?"

Husna alikuwa amesikia, lakini hakufahamu mpaka Warda alipomgusa bega wakati wa kupita na kumwambia, "Ndiyo jibu lenyewe hilo, mwanangu." Akabaki amesimama pale na karafuu maiti mkononi, kinywa wazi.

Wanaume walikwenda kuzika alasiri. Kitanda kikarudi, kimesuguliwa, kikaingia chumba chake cha nyuma chini ya mikeka. Sebule ilikuwa tupu, madirisha hayana mapazia, na wanawake walikaa chini mkekani, hata Bi Mejumaa. Mikono yao ilinuka karafuu maiti. Mbuzi ilikuwa imeshushwa ukutani na Rispah alikuwa ameikalia, anajifunza kukuna nazi, anajikwaruza vidole na kulalamika kwa Kikamba.

"Dada Nimwaka," Bi Mejumaa akasema baada ya kikombe cha pili. "Kuna neno nimelizuia tangu asubuhi, na sitaki kuondoka nalo. Ule mlango."

Bi Nimwaka alifumba jicho lake moja. "Usiseme. Najua. Nimeuona. Tutaukwangua, tutaurudishia weusi wake, nakuahidi."

"Kuukwangua? Kwa nini? Nilitaka kuuliza kama imebaki rangi. Mlango wangu Vanga umechakaa vibaya."

Bi Nimwaka akalifumbua jicho, akamtazama mkwe wake mpya. Siku nzima ilikuwa imempiga kutoka kila upande, akadhani imekwisha kumpiga.

"Husna," akaita kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Mletee shangazi yako kopo la rangi."